Aliyemsuka Hawa Juu ya Fisi wa Mbao

Mimi niliishia darasa la saba na kutunga sijui. Ningejua kutunga, ningetunga kwamba mke wangu hakufa, nikaishia hapo. Haya nitakayokusimulia yalitokea alasiri ya Idi pili, jua linawaka, watu wamejaa, na mimi mwenyewe mzima wa mwili na akili. Ukikataa kuamini sitagombana na wewe. Hata mimi ningesimuliwa nisingeamini.

Pale Singida mjini kuna uwanja wa watoto ambao sisi wa Ilongero tunauita Kwenye Bembea. Ulijengwa zamani na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, eti wanawe wapate pa kuchezea, na mwishowe wakacheza watoto wa mji mzima. Ukipita kwa haraka utaona vyuma vilivyobanduka rangi na mteremko wa kutelezea, basi. Lakini ule uwanja una mambo yake ambayo si kila mtu anayajua. Mteremko ule ni wa saruji, umesuguliwa na makalio ya watoto mpaka umekuwa laini kama sahani, na jioni bado unatunza joto la mchana. Ukikaa juu yake na kigunia chako cha mashudu cha kutelezea, joto linakupanda mgongoni kama umebebwa. Ukimpanda twiga wa mbao kwenye bembea la mzunguko, kuna mahali pamoja tu ambapo unaliona ziwa katikati ya majabali mawili, na siku ambazo ndege heroe wametua, maji yana rangi ya waridi. Usipokuwa mwepesi limeshakupita, usubiri tena.

Na bembea lenyewe linanukia chakula. Niamini. Ekseli yake ilitolewa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na hailainishwi kwa grisi. Hupakwa mashapo ya mafuta ya alizeti kutoka kwenye mashine za kukamulia. Likizunguka juani mafuta yanapata moto, na uwanja wote unanukia kama kuna mtu anakaanga maandazi. Akina mama wauza maandazi wa pale getini wanajua wanachokifanya.

Fundi aliyechonga wanyama wa kupanda alikuwa mtu wa kwetu, akachonga aliowajua: punda, ng'ombe, twiga, mbuni, na fisi. Huyo fisi hapandwi. Wewe wa Singida unajua sababu. Asiye wa Singida nimwambie tu kwamba kwetu fisi husemwa ni kipando cha wachawi, na hakuna mama atakayemkalisha mwanawe juu yake, hata awe wa mbao.

Mke wangu, Mama Asha, ndiye aliyekuwa akimpanda. Nilimpeleka pale tukiwa wachumba. Wenzake wamepanga mstari kumgombea punda, yeye akaenda moja kwa moja kwa fisi akaketi. Nikamuuliza kama haogopi. Akasema, "Fisi hana foleni." Nilimuoa kwa sababu nyingi, na hiyo ilikuwamo. Yeye ndiye aliyenionyesha pia kwamba bao la chini, upande wa fisi, limelegea: akikaa mtu mzima linaguna, akikaa mtoto peke yake liko kimya. "Linanisengenya," alikuwa akisema.

Mama Asha alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Alituacha mimi na Hawa, mjukuu wetu mdogo ambaye hajaanza hata shule. Mama yake Hawa, binti yetu Asha, alikufa akimzaa, kwa hiyo mtoto huyu hakujua mama mwingine zaidi ya bibi yake.

Kwetu wafiwa hunyolewa baada ya mazishi. Hawa alijificha ndani ya kihenge cha uwele, na dada yangu alipomtoa alimng'ata mkono. Tukamwacha. Akakataa kuchanwa, akakataa kusukwa, nywele zikashikana kama kiota. Chakula alikuwa anakiangalia tu. Neno alitoa moja asubuhi, jingine jioni.

Mdogo wake marehemu, shemeji yangu Tatu wa Manyoni, akanipigia simu. "Shemeji, nakuheshimu sana," akasema, "lakini mtoto wa kike halelewi na jembe. Idi ikipita nakuja, namnyoa, tanga lake liishe, naondoka naye."

Nilikubali. Mikono yangu inajua kamba ya ng'ombe, haijui kichwa cha mtoto. Lakini nilijua kabisa kwamba Hawa akiondoka nyumba ile haitakuwa na sauti tena, hata ile ndogo. Siku zile nilikuwa nakaa mlangoni namwangalia akicheza na magunzi, nasema moyoni, huyu ndiye wa mwisho.

Basi Idi pili nikampakia kwenye bodaboda, tukaenda Kwenye Bembea, akaage mji. Nikamwambia, "Mchumba, chagua mnyama." Akanyoosha kidole kwa fisi. Nikamkalisha.

Mama mmoja kwenye mstari akanigeukia. "Baba, shikamoo," akaanza, maana adabu haiachwi. Nikaitikia. "Unampandisha mtoto kwa fisi? Kwenu hakuna wakubwa?"

"Mkubwa ndiye mimi," nikasema.

"Basi mmekwisha," akajibu, na wenzake wakacheka.

Msukuma bembea, mzee tunayemwita Kidevu kwa ndevu zake, akawaambia, "Mwacheni. Huyo anamfuata bibi yake." Alikuwa akimfahamu Mama Asha tangu ujana wetu. Akaegemea ule mti wa kusukumia, bembea likaanza kwenda.

Hawa alinipita mara ya kwanza yuko peke yake, ameshika masikio ya fisi. Alipokuwa upande wa pili, nisikoweza kumwona, nikasikia bao linaguna.

Kidevu naye akasikia. "Nani mtu mzima kapanda?" akauliza. "Nimesema watoto tu, ekseli hii si ya lori." Akaendelea kusukuma.

Lilipozunguka tena, nyuma ya Hawa alikuwa ameketi mwanamke, amejifunika khanga kichwani, ameinama. Nikadhani ni mama fulani mwenye huruma aliyeona mtoto yuko peke yake. Nikataka hata kumshukuru. Likazunguka. Safari hii nikaona vidole vyake viko ndani ya nywele za Hawa, vinazigawa. Na Hawa ametulia, kichwa kimelala upande, macho amefumba. Unaelewa ninachokuambia? Mtoto ambaye alikuwa hagusiki.

Kila bembea lilipomleta, mistari ilikuwa imeongezeka. Mistari myembamba, iliyonyooka, inayotoka usoni kwenda nyuma. Nywele zile zilizoshikana sikuona zinachanwa, sikuona kitana, nilikuwa naona tu zimekuwa njia. Harufu ya alizeti ilikuwa nzito kuliko nilivyowahi kuisikia pale. Kisha nikauona mkono unaosuka. Ulikuwa wa kushoto.

Mama Asha alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kwa jembe, kwa mwiko, kwa kila kitu.

Wachache niliowasimulia huniuliza kama niliogopa. Niliogopa jambo moja tu, bembea lisije likasimama. Watu wamenizunguka, mama yule mwenye maneno anamtafutia mwanawe nafasi kwa punda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia ninakoangalia mimi. Mke wangu yuko pale mchana kweupe, ananijia na kunipita, ananijia na kunipita, na hanioni, yuko kazini.

Amebakiza mistari michache, karibu na sikio. Ndipo mdomo wangu uliponiponyoka. Nikasema, "Mama Asha." Wala sikupaza sauti.

Akainua kichwa. Uso ulikuwa ule ambao nimeishi nao, uso wa mtu aliyekatizwa kazi, unaoniambia nisubiri kidogo. Bembea likampitisha. Bao likaguna. Liliporudi, Hawa alikuwa peke yake.

Kidevu alipolisimamisha, Hawa alishuka mwenyewe, akanishika mkono. "Babu," akasema, "nina njaa."

Nilimnunulia maandazi pale getini. Alikula, akaomba mengine, akala. Nilikuwa namwangalia jinsi anavyotafuna, sina la kufanya na mikono yangu. Mwishowe nikamuuliza nani amemsuka.

Akaniangalia kama mtu anayeuliza upumbavu. "Si Bibi."

"Amesemaje?"

"Amesema nisitikise kichwa."

Kidevu akatufuata, anajifuta mafuta mikononi. "Yule mwanamke ameshukia wapi?" akaniuliza. "Bao limelia muda wote." Nikamwambia sijui. Akakitazama kichwa cha Hawa, akaangalia kule kwa fisi, akarudi kwenye bembea lake.

Kesho yake Tatu alifika, wembe mpya umo ndani ya mkoba. Alipomwona Hawa akasimama pale pale uani. "Nani kasuka?"

Nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe. Tatu si mwanamke wa kudanganywa. Alimkalisha mtoto katikati ya magoti yake, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, polepole, halafu wa pili. "Imesokotwa kinyume," akasema. "Huu mkono wa dada." Akaanza kulia. Na mimi ambaye kaburini sikutoa chozi, watu wakasema mzee yule moyo wake jiwe, nililia pale mbele ya mtoto na kuku.

Alipotulia akataka kuisuka ile sehemu iliyobaki. Hawa akajichomoa, akaja kukaa chini mbele yangu, amenipa mgongo.

"Babu amalizie," akasema.

Tatu akacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. "Haya, shemeji, umeitwa. Gawa nywele mafungu matatu. Si hivyo, hufungi mbuzi. Legeza." Nilisuka. Ilitoka mistari iliyopinda kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Hawa akaipapasa, akaridhika. Tatu akaurudisha wembe mkobani na hakuutaja tena. Alikaa nasi mpaka nilipoweza kusuka mstari unaoeleweka, kisha akapanda basi la Manyoni peke yake.

Mistari yangu ilikuwa inafumuka kila baada ya siku chache. Ile ya Mama Asha ilikaa vile vile majuma na majuma, haikulegea hata kwa kulaliwa. Asubuhi moja Hawa akasema, "Babu, fumua." Nilipoigusa ikaachia yenyewe, yote, kama ilikuwa inasubiri ruhusa. Siku hiyo nikamsuka kichwa kizima.

Sasa namsuka kila Ijumaa. Kule mnadani wanaume wenzangu wananiita Saluni. Waite tu. Hawa anakula, anaongea mpaka majirani wanalalamika, na mwakani ataanza darasa la kwanza. Kwenye Bembea nimemrudisha mara nyingi, na mara zote anampanda fisi. Mimi husimama pale pale nilipokuwa, nasikiliza. Bao liko kimya.

Tatu anasema kuita kwangu kulikuwa heri, maana bila ile mistari iliyobaki Hawa angekuwa Manyoni leo. Huenda ni kweli. Lakini mimi ningependa kumwona akimaliza, ajifute mafuta kwenye khanga, atazame kazi yake.

Kwa hiyo wewe uliyefiwa, nisikilize mimi ambaye yamenikuta. Siku ukimwona mtu wako mahali, ameinamia kazi aliyoizoea, funga mdomo. Usimwite. Usimsalimie, hata kama moyo unataka kukutoka. Hakuja kuzungumza na wewe. Ana kazi aliyoiacha katikati, na muda aliopewa ni mdogo.

Mwache amalize.