Shamba Lililopumzishwa

Nyasi mbichi zikifukiwa udongoni hutoa harufu nzito, kama pombe ya ulezi inayoanza kuchacha. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu, katika kijiji kilicho mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Pito. Mvua zilipokaribia kwisha, bibi yangu mzaa baba, mjane mwenye mikono migumu na ulimi mkali zaidi, alikata nyasi, akazikusanya mafungu mafungu na kuzifunika kwa udongo, tuta la duara baada ya tuta, mpaka kilima chote kikajaa. Kwetu Ufipa matuta hayo huitwa ntumba. Aliyeyainua ndiye mwenye shamba, hata akiliacha miaka mitano lipumzike na nyasi zikamfika mtu kifuani. Hakuna aliyetia jembe kwenye tuta la mwenzake. Bibi alipenda kusema, "Mkoloni alituambia ardhi yote ni yake. Ukaja uhuru, tukaambiwa ni ya umma. Tukahamishiwa kijijini, tukaambiwa ni ya kijiji. Mimi nililima tu."

Nilipokuwa na miaka tisa ilifika zamu yetu ya sheria mpya, na sitaisingizia, ilikuwa sheria njema: mwenye shamba la kimila apimiwe, apewe hati yenye jina lake. Shamba la bibi lilikuwa katika mwaka wa tatu wa kupumzika. Jirani yetu, Mama Telesfora, alikuja kumsihi. "Bibi, inua hata matuta kumi, wakipita waone unalilima." Bibi alimcheka. "Nilisumbue shamba limelala ili nimfurahishe mtu wa kalamu? Bado miaka miwili." Siku ya kupima ikaangukia msiba wa dada yake kule Mollo, na msiba haungoji. Akaniacha mimi shambani. "Wakija, waonyeshe matuta," akaniagiza.

Walikuja watu wanne wakiwa na kamba ya kupimia na makaratasi, suruali zimelowa umande. Niliwaamkia shikamoo. Mwenye makaratasi akaniuliza, "Nani analima hapa?" Nyumbani tulizungumza Kifipa, Kiswahili kilikuwa cha shuleni, nami nilitaka kukionyesha. Nikajibu kwa sauti, kama mbele ya mwalimu, "Hakuna anayelima. Bibi amelipumzisha." Akaandika. Nikapiga magoti, nikafunua nyasi wayaone matuta ya zamani, lakini nilipoinua kichwa walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda shamba la pili. Jioni nilimsimulia bibi jinsi nilivyojibu vizuri, naye akanipa ndizi aliyotoka nayo msibani.

Waliandika nusu tu ya jibu langu. Shamba liliingia kitabuni kama ardhi isiyo na mtu, na kabla ya mvua zilizofuata hati yake ilikuwa mfukoni mwa mfanyabiashara wa mjini. Trekta lake lilisawazisha matuta kwa siku moja. Bibi alikwenda kwenye baraza la kijiji, na mwenyekiti akamwambia, bila ubaya, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. "Daftari langu mmelipitishia trekta," bibi akajibu, akarudi nyumbani, na jembe lake halikutoka tena nyuma ya mlango. Alikufa akilima kwa maneno tu, akitusimulia namna ya kuinua matuta ambayo hatukuwa na pa kuyainua. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu, labda ningepona.

Leo nimeisoma ile sheria. Imeandikwa waziwazi kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya kupewa kwa hati. Bibi alikuwa na haki siku zote, na haikumsaidia kitu. Mimi nina ekari mbili zangu Pito, zenye mawe ya mipaka kila pembe, na hati yenye muhuri iko kabatini. Nazilima kila msimu bila kuacha. Udongo umechoka, mahindi yanatoka membamba na ya manjano, na majirani wananiambia nizipumzishe. Najua, nimefundishwa na aliyejua kuliko wao. Lakini nikizifikiria nyasi zikiota pale, namsikia yule mtu akiuliza nani analima hapa. Mvua zikianza nitalima tena.