Bawa la Povu

“Gundi ya viatu, mume wangu? Kwenye povu?”

Baragumu, fundi viatu, aliinamia meza yake. Alikuwa ameshika kilichobaki cha bawa la kushoto, akilitazama kama mtu anayetazama mkate ulioliwa na panya. Mkewe, mshonaji, alisimama mlangoni pa kibanda cha viatu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, na kila alichosema kilikuwa kweli, ndiyo maana kilikera. Ndege ile ya kuchezea, ya povu gumu kama la kufungashia redio, ya kurushwa kwa mkono, aliinunua yeye kwa ajili ya mjukuu wao. Alimwambia mzee asiiguse. Mzee akaigusa. Sasa mjukuu yuko njiani na bawa lina tundu la kupitisha ngumi.

Lakini jamani, mtu aliyebandika soli maisha yake yote angeshika gundi gani nyingine? Gundi yake ina sifa. Kuna bwana mmoja alitengenezewa viatu pale akavivaa kabla havijakauka, na mpaka leo akitaka kulala anavuliwa na mtaa mzima. Ila povu si ngozi. Gundi ilipoligusa tu, bawa likaanza kuyeyuka polepole, naye mzee akawa analipulizia kama kidonda cha mtoto.

Na kuigusa kwenyewe kulikuwa na sababu. Jina la Baragumu hakulipata bure. Enzi hizo akimwita mteja aje achukue viatu vyake, viatu vilishtuka vikaanza kwenda vyenyewe. Kisha yakaja maradhi ya koo. Akapasuliwa, akapona, sauti ikabaki mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Mjukuu wake, binti asiyenyamaza hata usingizini, ndiyo maana wakamwita Chiriku, alipokuja mara ya mwisho alisikia mkwaruzo ule ukimwita, akajificha nyuma ya sketi ya mama yake mpaka siku ya kuondoka. Tangu hapo Baragumu hafungui mdomo mbele ya watoto. Akaona atafute kitu cha kumwita kwa niaba yake.

Kitu chenyewe alikipata kwenye droni ya kuchezea iliyovunjika, ambayo mteja aliitelekeza kibandani pamoja na kandambili moja. Ilikuwa na mota mbili nzima, betri, na rimoti yake. Mota moja ingekaa bawa hili, nyingine bawa lile. Moja ikikazana kuliko mwenzake, ndege inageukia upande wa yule mvivu. Alikuwa ameyapanga yote vizuri, mpaka gundi ya kubandikia mota ikayaharibu.

Mshonaji aliguna, akanyoosha mkono apewe mgonjwa. Akakata kipande kutoka kwenye povu lililokuja na boksi la cherehani, akakipachika pale penye tundu, akalaza utepe wa nguo juu na chini ili uzi usilikate povu, kisha akashona kwa mkono, polepole, kama anayeshona pindo la bibi harusi. Mota wakazibandika kwa gundi ya karatasi, isiyoyeyusha povu. Mzee akaibeba ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa kupima uzito wake, mkia ukainamia chini. Akaisogeza betri mpaka puani, ndege ikatulia sawa.

Walipoirusha uani ilipanda juu kwa mbwembwe, ikasimama hewani kama iliyosahau kitu nyumbani, ikaangukia nguo zilizoanikwa. Baragumu akachomeka misumari ya soli puani mwa ndege iwe nzito mbele, akairusha tena. Safari hii ilikwenda. Ilivuma kama nyuki aliyeshiba, ikapinda kwenye ukuta, ikapita juu ya kichwa cha mshonaji, naye akainama huku akicheka na mkono mdomoni.

Walirudi kibandani wakaiweka juu ya meza, karibu na mlango. Mzee akasema, kwa mkwaruzo wake, kwamba yeye atakaa pale kwenye kona na rimoti, ndege ndiyo itakayomkaribisha mtoto.

“Itamzunguka, atacheka, sawa,” mkewe akasema. “Halafu? Itamwuliza kama amekula?”

“Ataiogopa sauti yangu, mke wangu.”

“Na aogope. Mimi uliponiposa niliiogopa ile nyingine, ya kuamsha wafu. Nilikimbia?”

Baragumu akatabasamu bila kutaka. Mshonaji akasogeza kigoda, akakaa mbele yake, magoti yakagusana. Akamwambia ajaribu, hapo hapo, hakuna mtu. Mzee akatikisa kichwa. Mshonaji akakaa tu. Alikuwa na subira ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Mwishowe mzee akageuka, akavipa mgongo ndege na mlango, akavikabili viatu vya watu rafuni kana kwamba ndivyo wajukuu.

“Chiriku,” akasema.

“Hiyo ni ya kumwitia inzi. Ongeza.”

Akakisogelea kiatu kimoja, akajaribu tena kwa nguvu zaidi.

“Chiriku. Mjukuu wangu. Njoo, babu yako...”

“Nije wapi, Babu?”

Mzee akageuka. Mtoto alikuwa amesimama ndani, begi mgongoni, amemwacha mama yake mbali huko njiani, na meza yenye ndege alikuwa ameshaipita bila kuitazama.