Semina yangu ya kwanza, Nyaishozi: nilianguka kwa njaa huku sahani imejaa, na njaa hiyo ikaokoa darasa langu

Wakuu wa jukwaa, wachache mnaonizidi umri shikamooni. Nyie wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia bado.

Nimeona vijana wa NGO mnalalamikia semina humu. Mara ukumbi hauna AC, mara mwezeshaji anasoma slides neno kwa neno. Nimecheka sana. Nikamwambia mjukuu wangu alete simu yake, maana na mimi nina semina yangu. Yeye ndiye anayechapa. Makosa ya herufi mdaini yeye, maneno ni yangu.

Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na njaa yake niliisikia kwa tumbo langu. Chumvi sijaongeza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mwaka wenyewe nisiwadanganye, siukumbuki.

Background kidogo ili tuwe pamoja.

Nilizaliwa kijiji cha Kibingo, huku upande wa mpaka wa Uganda, familia ya wafugaji. Nilisoma mpaka darasa la nne, na enzi hizo mtu wa darasa la nne alikuwa anaitwa msomi bila utani. Nikaanza kujitolea kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, kila alasiri, ndani ya kanisa letu la udongo. Kujitolea kwenyewe ni kule kwa kweli, siyo kwenu huku kwa kugawiwa T-shirt.

Nilianza na watu kama ishirini, wengi wao wanawake. Benchi la mbele alikaa Mzee Bigirwa, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote. Huyo hakukosa siku hata moja. Alikuwa anatamka herufi kwa sauti ya kuita ng'ombe, kanisa zima linatetemeka.

Nyuma walikaa wanawake, na mmoja wao alikuwa dada yangu mkubwa, Kemilembe. Dada huyu alikuwa ameolewa na mtoto wa Mzee Bigirwa.

Shemeji yangu alikuwa amekwenda Uganda kutafuta kazi. Alikuwa anaandika barua. Na msomaji wa barua hizo nilikuwa mimi. Wakuu, hebu fikirieni, mume wako anakuandikia kwamba anakukumbuka usiku, na anayekusomea ni mdogo wako uliyembeba mgongoni! Mimi natazama karatasi, yeye anatazama ukuta. Ndiyo maana dada alitaka kujua kusoma kuliko mtu yeyote pale kijijini.

Lakini alikuja siku tatu tu, akaacha.

Kisha akaacha mwingine, na mwingine. Mwezi wa tatu ukanikuta nimebaki na wazee sita.

Nilimfuata dada nyumbani kwake. Alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa. Nikamfokea, nikamwambia yeye ni mvivu na kwamba ananiaibisha mbele ya watu. Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Tuache hivyo, mdogo wangu," akaendelea na kibuyu chake.

Kamati iliyosimamia madarasa ikaniita. Wakaniambia darasa lisilo na wanawake watalifunga, na ubao wetu utahamia kijiji kingine. Ila kuna mafunzo ya walimu wa kujitolea, wiki mbili, Nyaishozi. Nikiyamaliza, darasa langu litaongezewa muda. Nisipoyamaliza, basi, kila mtu arudi kwenye ng'ombe wake.

Nikaenda. Sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori la kahawa. Nguo zangu zote zilikuwa ndani ya kitambaa kimoja, na nafasi ilibaki.

Tulikuwa walimu kumi na wanane. Mkufunzi wetu alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Tanga, mfupi, sauti ndogo, macho hayakwepeki. Alikuwa amefika huku hata mwezi hajamaliza, amefikia kwa baba yake mdogo mwenye duka pale njiani. Sisi sote alituita "mwalimu". Mimi sikuwahi kuitwa mwalimu na mtu anayejua zaidi yangu. Nilijisikia mrefu.

Sasa tuje kwenye chakula, maana ndiko yalikoanzia.

Asubuhi kila mtu alipewa kikombe cha maziwa. Bi Zuhura alikuwa amesikia kwamba wafugaji wa huku wanapenda maziwa, akayatafuta kwa juhudi kutuheshimu. Mchana na jioni ni ndizi zilizopikwa pamoja na maharage kwenye chungu kimoja, kama mnavyojua kwetu.

Wengi mtasema, tatizo liko wapi hapo?

Wakuu, kwetu wafugaji, siku uliyokunywa maziwa huli maharage. Ukichanganya, wewe hupati kitu, anayeumia ni ng'ombe. Viwele vinaharibika, maziwa yanakauka. Sisi tulikuwa tumebatizwa, Jumapili tunaimba, lakini mambo ya maziwa yalibaki kuwa mambo ya maziwa. Na nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja tu anayekamuliwa wakati ule, ndiye aliyemlisha mama yangu. Ningemwangalia vipi mama?

Mtasema tena, si ungekataa maziwa ule maharage? Mfugaji akatae maziwa aliyoletewa kwa heshima, mbele ya aliyeyaleta? Ni kama kumtukana. Na sahani ya maharage nayo, mgeni ataisukuma mbele ya mwenyeji? Hapana. Tulilelewa hivyo.

Basi nikawa nakunywa maziwa asubuhi, mchana napokea sahani, nashukuru, nainama vizuri. Halafu sahani inasogea taratibu kwa jirani yangu.

Jirani huyo aliitwa Kamugisha, mkulima kutoka Igurwa. Mtu mpole, mcheshi, tumbo lake halina chini. Siku ya kwanza aliniuliza kwa macho, nikamjibu kwa macho, akala. Siku ya pili hakuuliza. Siku ya nne alikuwa ameshaanza kung'aa mashavu.

Siku ya tano ilikuwa zamu yangu kufundisha mbele ya wenzangu, somo la majaribio. Nilishika chaki. Nikaandika herufi ya kwanza. Ubao ukaanza kusogea, nami nikaufuata.

Nilipofumbua macho nipo chini, Bi Zuhura ananipepea kwa daftari langu mwenyewe.

"Una ugonjwa gani, mwalimu?"

"Sina ugonjwa, Bi Zuhura."

"Umewahi kuanguka hivi?"

"Hapana."

Alilifunga daftari. Akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza, kwamba mtu mgonjwa hawezi kumweka pale mbali na kwao. Kesho lori linapita, nirudi nyumbani nikapumzike. Mafunzo mengine yatakuja.

Kwangu hayakuwepo mengine. Niliona ubao wetu ukibebwa kwenda kijiji kingine. Nilimwona dada anatazama ukuta maisha yake yote. Na bado sikufungua mdomo! Aibu ilikuwa kubwa kuliko njaa. Nikasema asante, nikaenda kufunga kile kitambaa changu.

Hapa, wakuu, ndipo ninapomkumbuka Kamugisha, na Mungu amlipe popote alipo.

Alisimama mbele ya watu wote, kofia mkononi, akaanza na "waitu", neno letu la heshima.

"Waitu, Bi Zuhura, huyu hana ugonjwa. Mimi ndiye niliyemmaliza. Siku zote hizi chakula chake nimekula mimi."

Watu wakacheka. Bi Zuhura hakucheka.

"Umemnyang'anya?"

"Hapana, waitu. Ananipa. Hawa wenye ng'ombe wakinywa maziwa hawali maharage. Nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza, lakini yalikuwa matamu."

Angeweza kunyamaza na kuendelea kula sahani mbili. Hakuna ambaye angejua. Akachagua kuaibika mbele ya walimu wenzake ili mimi nibaki. Nilikaa pale nimeshika kitambaa changu, machozi yananitoka, na sikuyaficha.

Bi Zuhura akatugeukia wafugaji wote. Tulikuwa watatu, na wale wawili nao walikuwa wamekonda, sema walikuwa hawajafikiwa na zamu. Akauliza, "Kwa nini hamkuniambia?"

Tukatazama chini.

Akauliza tena. Mwishowe nikasema, "Bi Zuhura, hukutuuliza."

Nilidhani nimeharibu kabisa. Yeye akavuta benchi, akakaa. Akafikiri. Kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo:

"Ni kweli. Nimewalisha siku tano bila kuuliza mnakula nini. Nisameheni. Na nyie mkirudi kwenu, mkiona mtu mzima ameacha kuja darasani, msimwite mvivu. Mtu mzima hatakwambia kinachomzuia. Nenda umuulize, kisha unyamaze mpaka ajibu."

Mkufunzi anaomba msamaha kwa wanafunzi wake! Enzi zile? Sijaona tena.

Lori lilipita kesho yake bila mimi. Kuanzia asubuhi hiyo Bi Zuhura alisimama mlangoni na kumuuliza kila mmoja wetu, "Mwalimu, leo wewe ni wa maziwa au wa maharage?" Wa maharage anapita bila kikombe na hakuna anayemnunia. Wa maziwa anapewa vikombe viwili, na jioni vingine. Lilikuwa jambo dogo hivyo. Kamugisha alijibu kila siku kwamba yeye ni wa vyote, na hakuna aliyembishia.

Nilirudia somo langu, nikamaliza wiki mbili, nikarudi Kibingo.

Sikupita nyumbani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kemilembe. Nikamwomba radhi kwa yale maneno yangu. Kisha nikamuuliza, "Dada, ni nini kinachokuzuia kuja?"

Akatazama pembeni. Nikanyamaza. Wakuu, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kufundisha! Ndama alilia, kuku akapita, mimi nimebana midomo.

Hatimaye akasema, "Wewe kijana, hivi huoni? Baba mkwe anakaa pale mbele. Mimi nitakaaje nyumba moja naye, nafungua mdomo nasoma, naye ananisikia?"

Nilitaka ardhi inimeze. Kila mtu kijijini alijua kwamba mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala jina lake hatamki. Nilijua hata mimi! Nimezaliwa humo. Lakini nilipokuwa na chaki mkononi nilijiona mwalimu, nikasahau kwamba wanafunzi wangu wametoka kwenye nyumba zao. Na wale wanawake wengine wote, kila mmoja alikuwa na baba mkwe wake kwenye yale mabenchi ya mbele.

Nikamfuata Mzee Bigirwa, nikamuuliza na yeye. Akashusha pumzi. "Mwanangu, wewe unafikiri mimi nakaa mbele kwa kupenda? Nakaa mbele nisiwaone. Shingo yangu imekuwa mti kwa kuogopa kugeuka."

Tukatundika mikeka katikati ya kanisa, kutoka ukuta wa nyuma hadi karibu na ubao. Wazee upande huu, wanawake upande ule, mimi na ubao mbele, wote wananiona. Wiki ya pili wanawake walikuwa kumi na moja. Kamati ilikuja, ikahesabu, ikauacha ubao wetu.

Siku moja Mzee Bigirwa anasoma kwa sauti yake ile, akakwama kwenye neno "shukrani". Akalivuta, likakataa. Akalianza upya, likakataa. Nikataka kumsaidia. Kabla sijafungua mdomo, kutoka nyuma ya mkeka sauti ya mwanamke ikalisoma, taratibu, herufi zote zikiwa mahali pake.

Ilikuwa sauti ya Kemilembe.

Sikujua mzee atafanya nini. Akainama kwenye kitabu, akalifuata lile neno kwa kidole, akalisoma kama lilivyosomwa. Kisha akasema, bila kugeuka, "Tuendelee."

Barua ya Uganda ilipokuja tena, nilimpelekea dada. Akaifungua mwenyewe, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Alichukua muda mrefu. Aliporudi nikamuuliza shemeji kaandika nini.

Akaikunja, akaiweka kifuani, akanitazama machoni.

"Hayakuhusu," akaniambia.

Sijawahi kunyimwa habari nikafurahi vile.

Nilichojifunza ndicho hicho, wakuu. Kabla hujamfundisha mtu, muulize, kisha unyamaze. Niliyoyapata baadaye maishani mengi yalianzia pale Nyaishozi, kwa mama mmoja wa Tanga aliyekubali kukosolewa, na kwa mkulima mmoja wa Igurwa aliyekubali kuaibika. Ninawashukuru wote wawili.

Sasa zamu yenu. Nani humu amewahi kumwita mtu mvivu, kumbe hakumuuliza? Aandike hapo chini, mjukuu atanisomea moja moja.