Karabini ya Baba Mkwe Juu ya Mbabula

Mama mkwe wangu hakuwa amewahi kuniomba kitu. Kwa desturi yetu, mume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na neno lake kwangu lazima lipitie kwa mke wangu, hata kama tumetenganishwa na ukuta tu. Kwa mtu kama mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitini mpaka mlangoni, utaratibu huo ulinifaa sana.

Basi Jumamosi moja akafika kwetu Dilala kwa taxi-moto, amefunga karabini ndani ya kikwembe kama mtoto mchanga. Si bunduki ya vita. Ni ile ya upepo, inayotema virisasi kama punje za ulezi. Marehemu mume wake aliipenda kuliko redio yake. Kila mwaka parokia huiazima kwenye kermesse, tamasha lake la michango, watu wapige makopo kanisa lipate chochote. Kermesse ilikuwa kesho yake, na kikofia cha mdomo wa mtutu, kile chenye kijiti cha kulengea, kilikuwa kimepasuka na kuanguka.

Mama akajificha nyuma ya ukuta wa jikoni. "Mwambie bwana yako, kama kweli alisoma mekanike, atengeneze. Akiharibu, asinitumie pole. Ile karabini ndiyo baba yako mwenye alibakia."

Mke wangu akanitazama kwa raha mbaya. "Umesikia, injinia wa kula bukari?"

Mekanike nilisoma kweli, sekondari. Ila tangu hapo tupa yangu imekuna samaki zaidi ya chuma. Hata hivyo moyo ulinidunda kama wa bwana harusi. Kuombwa, mimi!

Taabu ilikuwa hii: mtutu ule ni laini, hauna nyuzi za parafujo, huna pa kuzungushia kitu. Kulehemu nilikataa, nani atachoma urithi wa marehemu? Nikachukua kipande cha bomba la shaba (huku kwetu mtu hukosa chumvi, shaba hakosi), nikapachika kijiti juu yake kiwe kikofia kipya, nikakikwangua kwa ndani kidogo kidogo mpaka kikawa kinataka kuingia na hakiingii. Kikilegea, kitaruka. Lakini shaba ikipata moto hutanuka, na ikipoa huuma.

"Toa sufuria," nikasema. Maji ya ugali yakateremshwa, nikalaza kikofia kwenye makaa ya mbabula, jiko letu.

"Mama! Bukari imelala njaa, karabini ndiyo inakula moto!"

"Umuache," ukuta ukajibu. "Njaa nitavumilia. Hii sijaiona bado."

Kikageuka rangi. Nikakinyakua kwa koleo, nikakivika mtutuni. Kikateleza mpaka mahali pake! Halafu nikaona kijiti kinatazama pembeni, kwa jirani. Nikazungusha. Kilikwishaanza kuuma. Nikazungusha tena, nimekaza meno, kikasogea, kikasogea, kijiti kikasimama juu kabisa, na hapo kikashika. Kilipopoa nikakivuta. Nikaweka mguu ukutani nikavuta tena. Hakitoki!

Tukapanga kopo la nyanya mbele ya ukuta wa matofali. Risasi yangu ya kwanza ilipiga matofali. Ya pili, ting! Mke wangu akanipokea karabini akipiga vigelegele, na mama mwenyewe akatoka, akachukua karabini mikononi mwa binti yake, akalenga huku kiwiko kimeinuka kama bawa la bata.

Furaha ilinipumbaza. Nikaruka, nikamshika mkono. "Hapana, Mama! Kiwiko chini! Lenga hapa!"

Mke wangu alijiziba mdomo. Nilikuwa nimemshika mama mkwe wangu, uso kwa uso, mchana kweupe.

Yeye hakutikisika. Jicho lilibaki kwenye kijiti. Ting! Kopo likaanguka. Ndipo alipojitupia kikwembe usoni akakimbilia nyuma ya ukuta.

"Amenishika! Mwambie ule mutu alete kuku! Mukubwa, na leo!" Lakini kicheko kilikuwa kinamkaba. "Na mwambie karabini imepona. Kesho ni yeye mwenye ataichunga kule kermesse, toka misa mpaka jua kuingia."

Kuku wa faini nilimkubali. Ila kushinda nje siku nzima? Nikamtuma mke wangu aulize kama kuku wawili wangetosha.

"Hapana!" ukuta ukasema, kabla hajafungua mdomo.