Rangi Iliyokataa Kukauka

Chishimba, fundi wa redio wa mtaa wa Kampemba, alikuwa akiunda Peugeot ndogo ya plastiki, ya kuenea kiganjani. Usukani na vioo vya pembeni alivibandika kwa kibano, akizuia pumzi. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na rangi nyekundu ikakataa kukauka. Basi akaingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani, akafunga mlango na dirisha unyevu wa nje usije ukaigusa rangi mbichi.

Alikuwa akipaka taa za nyuma alipoona brashi ina ncha mbili. Kichwa kikamgonga. Akataka kusimama, miguu ikamkatalia. Hapo akaelewa: hewa ya makaa ilikuwa inamuua polepole. Akafungua kinywa kuita, sauti haikutoka. Akajiangusha sakafuni, akajikokota hadi mlangoni, akaupiga kwa ngumi iliyolegea.

Mkewe Marceline, aliyekuwa akichambua maharage barazani, akaufungua, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Papa Gracia! Uko na nini? Yesu wangu!"

"Hewa ya makala... toa mbabula..."

Marceline akamshika makwapani, akamburuta mpaka nje penye mvua. Chishimba akatapika, akatetemeka, akaukamata mkono wa mkewe asiuachie.

"Unataka kuniacha mujane juu ya kamotokari ka plastiki?" Marceline alilia, akimpiga kifuani.

Chishimba akavuta hewa baridi kwa kinywa wazi. Juma zima baada ya hapo alilala dirisha likiwa wazi, mbu waingie wasiingie, na Marceline hakumkataza.