Kitambaa Nilichomfunga Mama Shavuni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikitaka kuisahau inanifuata mpaka shambani. Jana uliponionyesha kwenye simu programu yako ya kunitembeza Gitega, saa ya makumbusho, saa ya ngoma, saa ya samaki, saa ya picha, nilikujibu tu kwamba ni nzuri, kisha nikaenda kuwatazama mbuzi. Mbuzi hawakuwa na neno lolote. Nilikwenda kuficha uso. Programu kama hiyo niliwahi kuiandika mimi pia, kwa kalamu, kwenye daftari, na mpaka leo naona haya kuisimulia. Kaa basi, nikuambie kabla hujalipia chumba.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, bado sijaoa. Tulikuwa tumerudi Burundi, hapa Butihinda mkoani Muyinga, kwenye kilima cha baba, baada ya maisha ya kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi nilizaliwa kule, na Kirundi changu kilikuwa cha kuokoteza. Mama yangu, bibi yako Melaniya, yeye alikuwa mtu wa Gitega, mtoto wa mtaa wa Magarama, akakimbia akiwa binti wa miaka kumi na tano. Kambini alituhadithia Magarama mpaka tukasinzia: kisima, mteremko, majirani mmoja mmoja kwa majina. Kiswahili alikijua lakini hakukipenda. Alisema ni lugha ya kuombea chumvi, si ya kuchekea. Basi mwaka ule kahawa ilipotoka vizuri nikaapa kwamba mama nitamtembeza Gitega kama mgeni wa heshima, alale kitanda cha kukodi, ale mezani akihudumiwa.

Nikapanga siku mbili. Niliposoma daftari kwa sauti, mama alikuwa ameketi mlangoni anamenya muwa kwa meno. Meno yake yalikuwa mazima yote, muwa ulikuwa hauna ujanja mbele yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mi nitaongea na watu saa ngapi?"

Nikacheka. "Mama, haya ni matembezi, si msiba."

Naye akacheka kidogo, akaendelea na muwa wake.

Sasa nikuambie ugonjwa niliokuwa nao. Mwaka uliotangulia nilikwenda Gitega peke yangu, nikaingia mahali pa kula, nikaagiza kwa Kirundi changu kile. Watu wa meza ya jirani wakatazamana. Mmoja akasema, "Ni wale wa kambini," na mwingine akaongeza kwamba tumerudi kudai mashamba ya watu. Chakula changu kilikuja kimepoa. Siku ileile nikaona wafanyabiashara wa Tanzania wakiingia, wakasema Kiswahili chao, wakapewa meza ya dirishani na viti vikapanguswa. Nami nilikuwa nimekaa Dar mwaka mzima nikiuza mitumba, lafudhi ninayo. Nikajiambia safari nyingine nitakuwa mtu wa Dar. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini ukiwa ndani yake hulioni hilo, wanaoliona ni wa nyuma yako.

Tatizo likawa mama. Akifungua tu kinywa, Kirundi kinatoka, na hata Kiswahili chake kilinukia Kirundi. Basi tuliposhuka Gitega, kabla ya kufika nyumba ya wageni kule Musinzira, nikamsimamisha kando ya ukuta nikamweleza. "Mama, kwa siku hizi mbili usiongee. Nitasema unaumwa jino." Nikatoa kitambaa, nikamfunga shavu kwa mikono yangu hii. Alikigusa kitambaa kwa kidole. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Kama itakuletea heshima." Yalikuwa maneno yake ya mwisho mbele za watu safari ile.

Makumbusho tulitembezwa na bwana mmoja mpole. Akatuonyesha kikapu cha zamani, akasema hajui hasa kilitumikaje. Mama alijua. Niliona mkono wake unainuka, nikamkazia macho, ukashuka. Mchana tukaenda kuona ngoma kule Gishora. Wanaume waliporuka, wanawake wote wakapiga vigelegele, na mama akaziba kinywa kwa viganja viwili huku mabega yanatikisika. Nilikuwa napiga picha. Nilifikiri ana furaha.

Siku ya pili, saa sita, ikawa zamu ya chakula chenyewe, kilele cha daftari langu. Nilichagua mahali pazuri Magarama, penye vitambaa mezani. Mwenye mahali alikuwa Mkongo wa Kivu ya Kusini, akiitwa Papa Furaha, mtu mchangamfu. "Karibuni wageni wa Dar. Iko brosheti ya nyama ya mbuzi, iko samaki mukeke mubichi wa ziwa, iko ndizi ya kuchoma. Mi nalete nini?"

Mama alikuwa hajala mukeke tangu alipokimbia. Njia nzima alikuwa akiutaja. Lakini Papa Furaha akaona kitambaa, akasikitika. "Ah, pole mama. Jino ni mbaya. We hautaweza samaki." Nami, mwanangu, ningesema nini? Mtu wa jino hali samaki. Mama akaletewa supu nyepesi, bakuli la maji yaliyopitiwa na kitunguu, na mimi nikaletewa brosheti na mukeke mzima. Nikala. Sitakudanganya kwamba kilinikwama kooni, nilikula nikamaliza.

Papa Furaha akaita kuelekea jikoni, "Mama Generoza, leta maji ya chumvi, iko mama anaumwa."

Akatoka mpishi, mwanamke wa umri wa mama, ana kovu la moto kwenye kiganja. Akamshika mama bega, akamwambia kwa Kirundi, taratibu, "Ihangane," maana yake vumilia. Papa Furaha akamwambia asijichoshe, huyu ni mgeni, hasikii Kirundi. Yule mpishi hakuondoka. Alimtazama mama sana, akauliza kwa Kiswahili, "Dada, mumetoka Dar kweli?"

Mama akageuka, akanitazama. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, kama mtoto anayeomba ruhusa. Nikajibu kwa haraka, "Ndiyo. Mama yangu ni mtu wa Dar, alizaliwa hukohuko."

Mpishi akaweka kikombe mezani, akarudi jikoni. Mama akainamisha kichwa, machozi yakadondokea kwenye supu. Papa Furaha akasema jino likishakuwa hivyo ni la kung'oa, nami nikakubaliana naye.

Tulirudi Butihinda. Majirani wakamuuliza mama Gitega ikoje, akajibu ni nzuri. Zikapita siku kumi. Asubuhi moja tunapepeta maharage, akasema bila kuinua macho, "Yule mpishi ni Generoza."

Generoza gani, nikauliza, ingawa jina hilo nilikuwa nimelisikia kambini mara elfu. Generoza wa nyumba ya jirani. Walichota maji pamoja, walishiriki blanketi moja, na kovu lile alilipata siku walipogombania kiazi kwenye majivu ya moto. Usiku wa kukimbia walipotezana, na mama alikuwa akimwombea kama marehemu.

"Mama, kwa nini hukuniambia palepale?"

"Ulinikataza kusema."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga kwa ungo. Nikamwambia kesho tunarudi Gitega, akakataa. "Mi sirudi. Gitega nimeshaiona. Nitamwambia nini? Kwamba mwanangu alinionea haya?"

Basi nikaenda peke yangu. Nilifika wakati meza zote zimejaa, nikasimama mlangoni nikasalimu kwa Kirundi changu cha kuokoteza, kwa sauti, wasikie wote. Papa Furaha akashangaa. "We mutu wa Dar, wiki mbili tu umeshajua Kirundi?" Watu wakacheka. Nikapita katikati yao mpaka jikoni, nikapiga magoti kwenye maganda ya ndizi, nikasema kila kitu.

Generoza hakuacha kukoroga chungu chake. "Mi nilimujua tangu alipokaa," akasema. "Mutu wa jino haangalie samaki vile. Nilingoja aite jina langu. Aliponyamaza nikasema, basi, Melaniya amekuwa tajiri, mi nimebaki wa jikoni. Nililia, nikasingizia moshi." Akachota supu nyepesi, ileile, akanipa bakuli. "Kunywa kwanza. Mama yako alikuja toka Muyinga kunywa hii."

Nikainywa yote mbele yake, nimepiga magoti. Ndipo akanikaripia, na maneno yake sijayasahau. Alisema, "Mukataa kwao ni mutumwa, hiyo unaijua. Lakini we hukujikataa peke yako. Ulimukataa mama yako, tena ukatumia mudomo wake." Petro wa Injili, mwanangu, alikana kwa kinywa chake mwenyewe, na jogoo akamwonya. Mimi hata jogoo sikumpata.

Jumapili ile Generoza akaja Butihinda na mukeke wa kukaushwa ndani ya majani ya mgomba. Mama alikuwa anafagia. Ufagio ukaanguka. Sitakueleza walivyoshikana, maana nilikwenda nyuma ya nyumba, sikuwa na haki ya kutazama. Baadaye nikawapelekea pombe ya ndizi, nikawakuta wanakula samaki kwa sahani moja, wanaongea Kirundi cha mbio ambacho nilikipata nusu tu. Mama alikuwa anacheka kinywa wazi, meno yote nje. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile. Kiswahili chote alichotulea nacho hakikuwa na kicheko kile.

Generoza akamuuliza, "Jino lilipona?"

Mama akajibu, "Halikuwa langu. Lilikuwa la mwanangu."

Wakacheka tena, wakanikaribisha nikae. Nilikaa, lakini uso ulikuwa unaniwaka.

Waliishi hivyo miaka michache, Generoza akija kila mavuno. Ila Gitega mama hakukanyaga tena. Kila mwaka nilimwomba, nikamwambia tutakwenda Magarama bila daftari, tutafute kisima chenu. Kila mwaka akajibu kwa upole, "Nimeshaiona." Akafa hajakiona tena kisima chake. Hilo, mwanangu, Generoza hakuweza kunisamehe kwa niaba ya mama, wala mimi mwenyewe siwezi. Majuto ni mjukuu, watu husema, na wangu nimemlea mpaka amekuwa mkubwa kuliko mimi.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Tembea, kutembea kwingi ni kuona mengi, na mukeke wa Gitega ni mtamu, kula bila hofu. Lakini kabla ya kuandika saa ya kwanza, muulize unayekwenda naye anataka nini, kisha ukae kimya mpaka amalize kujibu. Acha nafasi tupu ya kuamkiana na watu, maana mji si majumba. Usiazime asili wala lafudhi ili upewe kiti cha dirishani, chakula cha kiti hicho nilikila na nakijua. Na anayeongea kwa lugha yako ya nyumbani mbele za watu, awe mama yako, awe mimi, usimkazie macho. Mwache aongee.

Nimeona kwenye simu yako umeandika, "Mzee apumzike chumbani." Sijakasirika. Nakuomba tu ufute hapo, uandike kisima cha Magarama, nitakitafuta mimi kwa kuuliza watu.

Twende basi, baraka zangu unazo. Mungu akufungulie njia, akupe chakula na wa kula naye, na kila utakayemchukua safarini, atakaporudi nyumbani, atamani kwenda nawe tena.