Aliyemwita Atija Kwenye Mpunga

Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa pale mwenyewe, bondeni, nyuma ya kijiji cha Mute, na macho yangu yalikuwa bado yanapitisha uzi kwenye sindano. Atakayesema bibi aliota, muulize ni usingizi gani huo wa mtu aliyesimama na kombeo mkononi.

Tulikuwa tumerudi kutoka tulikokimbilia wakati wa vita, na ule ndio mpunga wetu wa kwanza. Mwanangu Sakina, mwanamke aliyesoma, alikuwa amenikataza jambo moja: nisiwasimulie watoto hadithi za kutisha.

"Mama, wameona ya kutosha," akaniambia. "Usiwaongezee."

Nikamwambia waliyoyaona hayana mwisho, hadithi ina mwisho. Hakunielewa. Lakini wewe nitakwambia. Kipupwe kikiingia, msufi ukapukutisha majani na ukungu ukalala bondeni, mtoto hataki sungura na fisi wake. Anataka ile ya kumfanya avute shuka mpaka kidevuni aseme, "Basi, bibi," halafu akiona umenyamaza kweli aseme, "Ikawaje?" Mimi nililelewa hivyo. Ila mtoto ni wa Sakina, nikanyamaza. Nilinyamaza na hasira zangu, usifikiri nilikubali.

Mtoto mwenyewe ni Atija, mjukuu wangu, msichana wa adabu. Mama yake alimfunza: ukiitwa na mkubwa, itika mara moja, "abee", uende mbio. Mama akirudi na mzigo, mtoto anakwenda njiani kumpokea. Adabu nzuri, nani atabisha?

Siku ile Sakina alikuwa mjini Palma, kafuata chumvi na mafuta. Mimi na Atija tulikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha kuamia ndege, tunangoja magharibi iingie tufunge kazi. Tukasikia sauti ya Sakina kutoka upande wa mto.

"Atija, njoo unipokee mzigo."

"Abee, mama." Kabla sijageuka, mtoto ameshashuka ngazi.

Nikamwona huyo mwanamke. Niamini, kanga ya Sakina, mwendo wa Sakina, mzigo kichwani. Lakini mpunga uliokomaa, mtu akiupita, unalia shaa, shaa. Ule haukulia. Halafu ndege. Wale wale waliotukimbia kutwa nzima walikuwa wametua mabegani mwake na juu ya mzigo, wametulia kama wako kwenye kisiki. Alipotoa sauti tena, hakuruka hata mmoja.

"Atija, shingo inaniuma."

Nilishukaje na magoti haya, sijui. Nilimkamata mtoto mkono akiwa ameshaingia topeni. Akanivuta. Mtoto mdogo vile, alinivuta mimi mpaka mtandio ukanidondoka, huku analia, bibi niache, mama kachoka. Utamlaumu? Hakuna aliyemwambia kwamba yuko anayeita kwa sauti ya mtu mwingine, na ukimwitikia umeshampa mkono. Mimi niliambiwa nikiwa mdogo kuliko yeye, na bibi yangu, kwenye kipupwe kama kile. Akaniambia na dawa yake: mtu mzima aupokee mwito ule, uwe wake.

Nikapaza sauti. "Anayeitika hapa ni mimi. Atija hayupo. Lete huo mzigo nikupokee, tuone una nini ndani."

Akasimama. Kisha akaniita mimi, jina langu la utotoni ambalo silitaji hapa, kwa sauti ya marehemu mama yangu.

Hapo miguu ilitaka kwenda. Nakwambia ukweli. Ni zamani mno sijaitwa vile.

"Mama yangu nilimwosha kwa mikono hii," nikamjibu. "Nikamvisha sanda, nikamwombea dua. Yeye alishatua mizigo yake. Wewe ni nani wa kumtwika tena?"

Hakusogea. Wala hakuondoka. Basi nikamkalisha Atija pale pale kwenye tuta, nikamkumbatia, nikaanza hadithi niliyokatazwa, ya huyo mwitaji asiyeweza kuita jina moja mara tatu, na mtoto aliyemzidi akili. Sikuipunguza makali. Nilipofika pale mwitaji anaposogea, Atija akajificha kwapani kwangu. Nikanyamaza. Kutoka kwapani akauliza, "Ikawaje, bibi?" Hapo ndege wa kwanza akaruka kutoka kwenye mzigo ule. Akafuata mwingine. Nilipomaliza, mtoto anacheka, ndege hawapo na mwanamke hayupo. Asubuhi nilikwenda kutazama alipopita. Hapakuwa na bua hata moja lililolala.

Sakina alifika giza limeshaingia, anamulika na simu. Akaita, "Atija!" Kimya. Akaita tena, kwa ukali. Mtoto ananitazama, nami namtazama. Mara ya tatu ndipo akaitika.

"Mama, umempa nini mtoto huyu?" Sakina akaniuliza.

"Nimempa ulichomnyima."

Tuligombana usiku ule, na sikuomba radhi.

Mwito nilioupokea sijautua. Kila kipupwe, jua likizama, naitwa jina lile kwa sauti ile. Mwalimu wa madrasa alinipa dua, nazisoma, na bado naitwa. Siitiki. Nawakusanya watoto mkekani nasimulia kwa sauti kubwa, naye huko aliko asikie. Sakina siku hizi huja na ungo akakaa pembeni, anajifanya anachagua mawe kwenye mchele. Mchele wenyewe hauna mawe.

Sasa wewe unayesema watoto wa leo wasitishwe, nisikilize. Mimi nitakufa. Siku hiyo huyo atakosa wa kumwita, atatafuta mtoto. Akiwa ni wako, na hukumfunza kitu ila adabu, usije kulia kwenye kaburi langu.